Si Nkatha Aliyeifungua Folda

Gatwiri mwanangu,

Umeenda Ruiri kumuaga shosho, nyanya yako, na mimi nimebaki hapa mezani na hii kalamu yako ya chuo. Hii barua nimeianza mara tatu. Ya kwanza niliianza na salamu ndefu, vile tulifundishwa darasa la tano kabla sijatolewa shule, nikaona nakusalimia kama mgeni. Ya pili nimeitia kwa jiko. Hii ya tatu nitaimaliza hata maharagwe ya njahi yakiungua huko jikoni, na kwa hiyo harufu naona yameshaanza.

Utauliza kwa nini sikungoja urudi tukae tuongee. Ukirudi nitakuuliza kama umekula. Halafu nitauliza shosho amesemaje, halafu nitakumbuka soksi zako ziko kwa kamba, na jua litatua. Mdomo wangu umejua kukwepa miaka mingi.

Sitakuandikia habari ya kufunga mlango wala ya kushika mkoba vizuri. Dawa yako unaijua kuliko mimi. Kuna jambo moja tu, na lazima ulijue kabla hujapanda gari kesho. Unaenda kukaa peke yako Nairobi na huo ugonjwa wa kuanguka. Mtu mmoja tu huko anajua kukushika ukianguka, na ni Nkatha rafiki yako wa chuo, na chumba chake ni mtaa wa pili kutoka kwa chumba chako. Na wewe na Nkatha hamjaongea tangu wakati wa kupanda viazi. Nikifikiria hilo siwezi kukaa. Hata sasa nimesimama mara mbili kuangalia njia na najua huwezi kuwa umefika.

Kile kiliwatenganisha nakijua. Wacha nigeuze njahi kwanza.

Nimerudi. Imeshika chini lakini ya juu inalika.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Unajua niliwahi kufanya kazi Embu mjini kabla ya kuolewa, lakini huwa nawaambia ilikuwa duka. Ilikuwa studio ya picha. Mwenyewe alikuwa Mzee Njeru, mtu wa suti moja na maneno machache. Watu walikuwa wanakuja Jumapili na nguo za kanisa, wanasimama mbele ya pazia limechorwa maporomoko ya maji, wanapigwa, wanapewa risiti, wanaambiwa warudi Alhamisi. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kupanga bahasha za picha kwa katoni, majina ya A huku, ya B huku. Hiyo kusoma kidogo niliyokuwa nayo ndiyo ilinipa kazi. Na sheria ya Mzee Njeru ilikuwa moja. "Bila risiti, hata akiwa ni chifu, hapewi."

Siku moja Mzee ametoka, akaja kijana nadhifu. Akasema, "Dadangu Wanja amenituma nichukue picha zake. Risiti ameisahau kwa mfuko wa koti, na koti liko Runyenjes." Akacheka, na mimi nikacheka. Akaniita dada. Nikampa bahasha.

Hakuwa ndugu yake. Alikuwa mtu Wanja amemkataa. Alizungusha hizo picha kwa kila meza ya pombe pale stendi akisema huyu ni bibi yangu, amenitoroka.

Alhamisi Wanja akaja na risiti yake mkononi, imekunjwa mara nne. "Nimekujia picha zangu." Nikamwambia ziliungua kwa chumba cha giza, kwamba dawa ilikuwa mbaya, pole sana, simama tukupige tena bure. Na akasimama, Gatwiri. Akajipanga mbele ya yale maji ya kuchorwa, akanitabasamia mimi nikiwa nimeshika taa.

Alikuja kujua baada ya mwezi. Hakunipiga, na hakwenda kwa Mzee. Alisimama mlangoni tu akasema, "Mimi nilimfukuza dadangu mdogo kwa nyumba nikisema ni yeye alimpa huyo mtu picha zangu. Ungeniambia siku ile, ningejua ni nani wa kukasirikia."

Niliacha hiyo kazi wiki hiyo. Baba yako anafikiri nilifutwa. Nikajiambia nimejifunza, na kumbe nilikuwa nimejifunza kutopeana bahasha tu. Hiyo nyingine, ya kunyamaza, sikuigusa.

Sasa yetu.

Ile siku ulinifungulia hiyo stoo ya mtandao nilikuwa nimechoka na kujifunza. Ulikaa hapa na simu yangu, ukasema, "Mama, hii ni folda yetu. Nimeiita Nyumbani. Kitu nikiweka nikiwa chuo huko Nchiru, wewe unakiona ukiwa hapa Kiirua." Nikakuuliza kiko wapi hasa. Ukasema kiko kwa kompyuta za watu, mbali. Nikakuuliza hao watu tunawajua? Ukacheka mpaka ukakohoa. "Mama, hata nyumba ikiungua, titidi, hati yetu ya shamba, iko." Hapo ndipo uliponipata, kwa sababu unajua vile mchwa walifanya ile ya babu yako.

Tukaweka titidi, vitambulisho na kadi za ubatizo. Ukaweka picha zako. Na ukaweka ile barua ya daktari, ile inasema jina la ugonjwa na dawa zako zote na ni kiasi gani. Ukaniambia, "Hii ni ya siku mbaya tu. Nikiangushwa mahali na nisiweze kuongea, onyesha nesi hii." Wenye kuiona tulikuwa watatu: wewe, mimi na Nkatha.

Nilijivunia kuwa mmoja wa hao watatu. Sijawahi kukwambia. Maana mimi ndiye nilikuvunja jino. Ile mara ya kwanza ulianguka hapa nyumbani, likizo, nilikimbia na mwiko nikakutia mdomoni kwa nguvu, kwa sababu hivyo ndivyo niliona mama yangu akifanyia jirani. Nkatha alikuwa amekuja kututembelea. Alinishika mkono akasema kwa upole, "Mama, toa. Tumlaze tu kwa ubavu." Akakulaza, akakunja sweta yake akaweka chini ya kichwa chako, akaangalia saa. Mimi nilikuwa naita Mungu, yeye alikuwa anahesabu dakika. Kumbe alikuwa ameshakushika hivyo mara nne huko hosteli, na hukuwa umetuambia hata mara moja.

Kila ukicheka naona hilo jino.

Basi, ulipomaliza chuo, unakumbuka vile kikundi cha akina mama wa kanisa kilinisumbua. Mama Gatwiri, tuonyeshe. Mama Gatwiri, unatuficha mgradueti. Na unajua sisi. Kikundi kikienda kwa mwenzetu na masufuria na blanketi, hakikai nje. Tunaingia jikoni, tunafungua kabati, tunakaa hata kwa kitanda chake tukisifu shuka. Mwenye kufunga chumba siku hiyo ataongelewa mpaka Krismasi. Nimeingia kwa nyumba za watu hivyo miaka ishirini. Kwa hiyo niliposhika simu, kwa moyo wangu nilikuwa nafungua mlango akina mama waingie waone mtoto wangu na kofia yake.

Ulikuwa umenifundisha kutuma picha moja moja. Unaweka kidole juu ya picha mpaka alama itokee, unatuma. Lakini picha zilikuwa nyingi, na bando ya intaneti ilikuwa inaisha, na Mama Kinya alikuwa ameshaandika "Tunangoja!" na vicheko. Nikaona niweke kidole kwa folda yenyewe niitume mara moja. Simu ikaniuliza kitu kwa Kiingereza. Kulikuwa na maneno meupe na maneno ya buluu. Nikabonyeza ya buluu. Mimi Gatwiri, hiyo simu ikiniuliza kitu chochote, hubonyeza ya buluu.

Wakashangilia. Hongera mama. Mungu ni mwema. Nikalala vizuri sana siku hiyo.

Nitakuambia kitu najua sana, na ningekuwa na akili ningekitumia hapo. Viazi vya kula tunaviweka gizani. Si kwamba vina aibu. Ni kwa sababu vikipigwa na mwanga vinageuka kijani, na kiazi cha kijani kinadhuru mwenye kukila. Miaka yote hii naziba dirisha la stoo na magunia, halafu hiyo stoo nyingine nikaifungua wazi mchana, kwa furaha.

Shangazi ya Mwiti, huyo alikuwa akuoe, yuko kwa kikundi. Hapo umeshaelewa yote, najua kichwa chako. Lakini wacha niandike mimi, maana nimekimbia hili jambo siku nyingi, leo lazima nilipitie kwa miguu yangu.

Ile Jumamosi watu wa kina Mwiti walikuwa waje kukuposa, tulikuwa tumepika mukimo na nyama. Ulikuwa umevaa ile rinda ya kijani. Saa nane, saa tisa, saa kumi. Halafu ikaingia hiyo mesiji kwa simu yako, kwamba wamesikia mambo ya afya na wameona wangoje kwanza. Uliniwekea simu mkononi nisome. Hukulia. Uliingia jikoni ukaanza kuwapa mbwa nyama.

Jumapili, kwa meza hii, ulimpigia Nkatha. Nilikuwa hapo na birika. Nilisikia vile ulimwita. Sikujua mtoto wangu ana maneno kama hayo. Yeye sikusikia akijibu kitu. Ukakata simu, ukabonyeza hapa na hapa kwa hasira bila kusoma kitu, ukasema, "Nimemtoa kwa folda." Na mimi nikasema nini? Nilisema, "Mimi nilikuonya. Siri ni ya damu." Nikakumiminia chai.

Siku hiyo sikuwa najua. Nakuapia hapo sikuwa najua.

Nilijua Alhamisi. Mama Kinya alikuja akakuta nakata nyasi za ng'ombe. Hakukaa. Akaniambia, "Mama Gatwiri, usinichukie. Ile barua ya daktari ya msichana, uliiweka pale kwa kupenda?"

"Barua gani? Pale wapi?"

"Pale kwa kikundi. Iko na picha. Ukiteremka chini unaikuta."

Nilienda saiba ya Karimi, ile duka ya kompyuta karibu na posho mill, na gumboots na tope. Karimi akaangalia simu akasema, "Mama, hii iko wazi kwa mtu yeyote aliye na linki." Nikamwambia funga. Akafunga. Nikamwambia sasa itoe kwa simu za watu. Akaniangalia kama mtu anaangalia mtoto. "Hiyo siwezi. Mwenye alishaiona ameiona."

Nilirudi nikikuja kukwambia. Nilikuwa na maneno tayari mpaka kwa lango. Nikamkuta baba yako anarekebisha jembe, nikamwambia yeye kwanza, nikitafuta nguvu. Akasema, "Mtoto ameshapata wa kulaumu. Ukimwambia sasa, atakosa mchumba, na rafiki, na mama. Wacha maneno yalale." Simlaumu. Alisema kile nilikuwa nataka kusikia, na ningekitafuta kwa mwingine kama si yeye.

Halafu wakati tunapalilia, wewe mwenyewe uliinua kichwa ukauliza, "Mama, unafikiri nilimkosea Nkatha?" Uliuliza pole pole sana. Jembe langu halikusimama. Nikasema, "Wacha hayo, yamepita."

Hapo, Gatwiri. Ile ya buluu naweza kusema nilikuwa mjinga. Hii ya shambani sikuwa mjinga. Nilijua, na nikaona afadhali ubaki bila Nkatha kuliko unitazame vile utanitazama leo.

Mwiti sitamlilia. Mtu wa kutishwa na karatasi angetishwa na kitu kingine, hata ungemzalia watoto. Lakini hilo ni lako kusema, mimi sina ruhusa ya kulitumia kujitetea.

Tangu upate hiyo kazi ya Nairobi, nimekuwa nikiota unaanguka. Si hapa. Kwa ngazi za hizo nyumba ndefu, na watu wanapita, na mmoja anakuja mbio na mwiko. Namwona uso. Ni mimi.

Kwa hivyo leo asubuhi ulipotoka tu, nilimpigia Nkatha. Namba niliitoa kwa kile kitabu chako cha zamani. Ikalia, nikatamani asichukue. Akachukua.

"Nkatha, hujambo mwanangu. Ni Mama Gatwiri."

Akasema neno moja. "Ameanguka?"

Salamu hakuijibu. Miezi hiyo yote, na vile ulimtukana, kitu cha kwanza akauliza ni hicho. Nikamwambia hapana, ni mzima, ameenda kwa shosho yake. Nikasikia akipumua. Halafu nikamwambia yote, vile nimekuandikia hapa lakini vibaya zaidi, kwa sababu nilikuwa nalia na mbuzi wa jirani alikuwa anakula kabichi na sikuweza kumfukuza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile alinipigia, nilifungua folda hapo hapo akiwa kwa simu. Nikaona iko wazi. Gatwiri hawezi kuacha kitu wazi, na si mimi. Kwa hivyo nikajua ni wewe, na nikajua hukujua."

"Na mbona hukumwambia? Mbona ulikubali akutukane?"

"Ningemwambia nini, mama? Ni mamako? Alikuwa ameshapoteza mmoja wiki hiyo. Kama ni lazima apoteze wa pili, nikaona heri awe mimi. Mimi ana njia ya kunipata tena. Wewe nilikuwa sina hakika."

Yeye ndiye akanisaidia. Akasema, "Lakini mama, bado unabonyeza ya buluu?" Nikacheka na makamasi. Nikamwambia siku hizi sibonyezi kitu, naita Karimi. Akasema, "Maskini Karimi."

Nikamuuliza kama naweza kukuambia kwamba atakuja kukupokea kesho. Akasema, "Usinipangie, mama, na yeye usimpangie. Mwambie ukweli tu. Akitaka, namba yangu haijabadilika." Nimeandika maneno yake vile alisema, sijaongeza.

Basi nami sikupangii. Siombi tuwe kama zamani kesho asubuhi. Ukipanda gari bila kuniambia neno nitasimama pale stendi mpaka lipotee, na jioni nitakula hii njahi iliyoungua. Ukikaa mwezi bila kunipigia nitajua ni kwa nini, na sitamtuma baba yako kwako. Ukinitoa kwa folda, nitoe. Ninachoomba ni kimoja, na si changu. Usilale usiku wa kwanza kwa hicho chumba na hakuna mtu wa karibu anajua kukulaza kwa ubavu.

Hii barua sitaificha chini ya nguo kwa begi, uikute ukiwa mbali na mimi niko salama huku. Nitakupa mkononi ukiingia tu, kabla hata hujavua viatu, na nitakaa hapa hapa ukiisoma. Sitaenda jikoni.

Ikishakuwa mkononi mwako ni yako. Ukitaka kumsomea Nkatha, msomee. Ukitaka kuipiga picha uiweke pale kwa kikundi, yote, na makosa yangu ya kuandika, iweke. Kila mwanamke aisome, na shangazi yake Mwiti aisome mara mbili. Jumapili nitavaa kitambaa changu cha kichwa, nitaingia kanisani kwa mlango wa mbele, na nitakaa kwa benchi ya kwanza.

Mimi mama yako,
Mama Gatwiri